Je, Wajua? Kiinitete Kimoja Chatosha

Je, wajua kwamba pacha wengi wazaliwao kwa tiba ya utasa hutokana na idadi ya viinitete ambavyo tabibu ameamua kuvitia katika mji wa mimba? Tangu Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo, azaliwe Uingereza tarehe 25 Julai 1978, ilikuwa ada kutia viwili, vitatu au zaidi, kwa tamaa ya kuwa angalau kimoja kitashika. Hata mwaka 2003 Uswidi ikaamuru kwamba aghalabu kitiwe kimoja tu, na vilivyosalia vihifadhiwe katika nitrojeni, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, vingoje zamu yao. Uzazi wa pacha kwa tiba hiyo, uliokuwa takriban robo, ukashuka hadi karibu asilimia 5.

Kwa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, jambo hili ni adhimu, kwani zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa kabla ya wiki 37, na katika uwanda wa Sumbawanga, ulioinuka karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako baridi ya Julai hupenya hata blanketi, mtoto njiti hana budi kufungwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na soksi miguuni.

Basi mke na mume waendao Dar es Salaam kutafuta tiba hiyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, wasione haya kumuuliza tabibu: “Utatia vingapi?” Hali kadhalika vidonge vya klomifeni, vipevushavyo mayai, visimezwe bila ya usimamizi wa tabibu, kwani navyo huzidisha pacha.