Hamali Aliyegeuzwa

Kabla ya kurudi shule na kuishia maabara, nilikuwa utingo wa lori la makontena, Mombasa hadi Malaba. Dereva wangu hakupita Mtito Andei bila kununua kilo ya miraa (si kilo ya mizani, ni jina tu la kitita), imefungwa kwa jani la mgomba. Akishajaza shavu, alikuwa mtu mwingine: hadithi, vicheko, mipango ya kununua lori lake. Kulipokucha, alikuwa amenuna. Chai hataki, chapati hataki, na ukimsemesha anafoka.

Nilidhani ni hasira za deni. Kumbe ni hesabu ya ghala la ubongoni.

Seli za ubongo hazigusani moja kwa moja. Katikati pana upenyo mwembamba mno. Seli moja humwaga humo dopamini, kemikali inayotupa hamu na uchangamfu, na jirani yake hupata habari. Habari ikishafika, dopamini haiachwi izagae. Kwenye utando wa seli iliyoimwaga kuna protini zinazoizoa na kuirudisha ndani, ikatumike tena. Mimi mtu wa bandari naziita hamali. Mmarekani Julius Axelrod, aliyeonyesha kuwa neva huzoa tena kemikali ilizozitoa, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1970.

Kokeini humziba hamali huyo mlangoni, mzigo ukabaki nje na kelele zikaendelea. Ritalin, dawa ya watoto wasioweza kutulia, huziba mlango uleule. Ila ikimezwa kwa kipimo cha daktari hufika ubongoni polepole, na hapo kasi ni jambo kubwa.

Miraa ina ujanja mwingine. Ndani yake mna kathinoni, iliyotambuliwa mwaka 1975, ndugu wa damu wa amfetamini. Inafanana na dopamini kiasi kwamba hamali anaibeba mwenyewe na kuiingiza ndani. Ikishaingia, inamgeuza: aliyekuwa akiingiza mzigo sasa anautoa, shehena ya ghalani inamwagika nje hata kama hakuna aliyeiagiza. Ule uchangamfu ambao walaji huuita handasi ndio huo. Jani likinyauka, kathinoni hubadilika kuwa kemikali dhaifu zaidi. Ndiyo sababu magari ya miraa kutoka mji wa Maua hukimbia kama yanafukuzwa.

Dereva wangu aliapa kwamba miraa inampa nguvu. Jani halikumletea dopamini hata chembe. Lilitoa iliyokuwa yake, asubuhi ikamkuta na ghala lililopungua. Uchovu nao haukwenda popote. Ulifunikwa tu, ukawa unamsubiri Malaba, na siku nyingine haukusubiri hadi huko.

Kwa hiyo ukipanda gari la usiku ukaona shavu la dereva limetuna, usimuulize kama ana usingizi. Atakwambia hana, na wala hasemi uongo. Muulize alilala lini mara ya mwisho.