Unafufua pikapu kuukuu nyumbani? Anza na chesesi, siyo rangi

Rangi mpya inavutia, lakini uhai wa pikapu kama Toyota Hilux ya zamani uko chini, kwenye chesesi. Ndiyo inayobeba injini, bodi na mzigo.

Igonge kwa nyundo. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu, au hutoboka kabisa. Hapo pakatwe, pachomelewe chuma kipya. Puti haibebi mzigo, inaficha tu ugonjwa.

Kisha breki. Badilisha paipu zilizochakaa na mafuta yake, maana hunyonya unyevu.

Unataka injini yenye nguvu zaidi? Kwa Tanzania, namba yake ibadilishwe kwenye kadi kupitia TRA, la sivyo utasumbuka siku ya kuuza.

Na ukiingia chini ya gari, usiamini jeki peke yake. Weka stendi.