Kigango Kilichovuka Bahari

Haya, sogeeni karibu, na ninyi wa nyuma pia, maana hadithi hii haina sungura wala fisi. Ina ubao. Ubao wa mti mgumu, ambao mara nyingine humpita mtu mzima kwa kimo, una kichwa cha mviringo, na mwili wake umechongwa pembetatu ndogondogo zilizotiwa rangi. Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hasa Wagiriama, huuita kigango.

Kigango hakichongewi kila mtu. Huchongewa mwanamume aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima. Akishafariki, huenda miaka ikapita kimya, kisha akaanza kumjia mwanawe ndotoni, au maradhi yakaiandama nyumba yake. Mganga akiulizwa, hujibu kwamba mzee anadai mahali pake. Basi mti hukatwa, fundi huitwa, kigango husimikwa, hufungwa vitambaa na kumiminiwa tembo la mnazi. Tangu siku hiyo pale pana mzee, na jamaa wakiwa na shida humwendea yeye.

Jambo moja lishikeni, tutalihitaji mbele: kigango hakiondolewi. Familia ikihama, chenyewe hubaki palepale, kikanyeshewa na kupigwa jua, mchwa wakala, mpaka kiishe. Kuisha kwake si balaa.

Sasa, mwaka 1985 mtafiti wa mila kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa kule bara ya Mombasa, akiwa na vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Baadaye alipompelekea picha yake, mzee alikuwa na habari mbaya: vigango vimeibwa. Miaka hiyo wizi huo ulikuwa umeshamiri. Kijana mwenye njaa aling'oa usiku, mwenye duka la vinyago akanunua bila kuuliza, mtalii au mfanyabiashara akasafirisha. Wenye fedha huko Marekani wakapamba sebule zao, na wengi baadaye wakavitoa zawadi kwa makumbusho.

Ikafika 1999. Udvardy yuko kwenye mkutano wa wasomi wa mambo ya Afrika huko kwao, picha za mkusanyiko wa makumbusho ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois zinaonyeshwa ukutani, na ghafla anamwona mmoja wa wale ndugu wawili! Wa pili alipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia.

Fikirini kigango kinavyoonekana kikiwa huko. Nyuma yake ukuta mweupe, juu yake taa, pembeni kikaratasi. Vikaratasi vya namna hiyo kwa kawaida hutaja nchi, kabila, mti na karne. Jina la marehemu halimo. Jina la fundi halimo. Mgeni anasimama, anatazama zile pembetatu, anasema kazi nzuri, anapita. Wala hajakosea, kazi ni nzuri kweli, na taa ile pengine humwonyesha nyuzi za mchongo ambazo mimi na wewe tusingeziona chini ya mwembe. Ila ukuta mweupe umemfundisha kuuliza swali moja tu, kwamba kitu hiki ni kizuri kiasi gani. Swali la huyu ni nani halimjii kabisa.

Kuna mwanamke aliyetaka watu waushtukie mchezo huo. Susan Vogel, mwaka 1988, alifanya maonyesho mjini New York akavipanga vitu vya Afrika kwa namna mbalimbali, chumba hiki kama nyumba ya sanaa, kile kama makumbusho ya viumbe na mila. Katika chumba cheupe aliweka wavu wa kuwindia wa Wazande, umefungwa furushi, taa ikiumulika. Wavu wa kunasia wanyama, jamani! Ukamulikwa hivyo, ukaonekana kama sanamu ya msanii wa kisasa. Mahali pengine palikuwa na filamu ya Wamijikenda wakisimika nguzo ya marehemu wao. Ningependa kila mwanafunzi apitishwe katika vyumba vya aina hiyo kabla hajapelekwa makumbusho yoyote, maana huko ndiko angeona kwamba chumba nacho kina maneno yake.

Turudi kwa wale ndugu. Mwaka 2007 aliyekuwa Illinois alirudishwa kijijini kwake, watu wakacheza ngoma. Alirudi kwa sababu ya ile picha ya 1985. Vingine havina bahati hiyo. Makumbusho ya Denver yalikubali mwaka 2014 kuvirudisha vigango 30, lakini vilifika Kenya mwaka 2019. Kilichochelewesha ni, pamoja na mengine, ushuru wa forodha. Naam, wazee wa watu wanarudi kwao na wanadaiwa kodi ya mizigo.

Na wamerudi kwa nani? Aliyeviiba hakuandika jina la boma. Aliyenunua hakuuliza. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa hakika kipi ni cha ukoo gani, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo yanayopaswa kuvitunza.

Hapo ndipo shughuli ilipo. Kazi ya mtunza makumbusho ni kuzuia kitu kisioze: anapima unyevu, anafunga kioo, anapiga dawa ya wadudu. Mila ya Mijikenda inataka kigango kikae nje mpaka kirudi udongoni. Wako wanaosema vipelekwe kwenye kaya, ile misitu mitakatifu, viachwe huko. Wako wanaosema vikipelekwa huko wezi watavirudia tena, na kwamba watoto kama ninyi hamtaviona.

Haya, wewe mwenye shati la bluu. Tuseme funguo za ghala la makumbusho hayo umepewa wewe, na asubuhi unamkuta mchwa mmoja mguuni pa kigango. Unampulizia dawa, au unamwacha?