MAELEZO KUHUSU MISIMBO YA MAJERUHI WA BAISKELI KATIKA AJALI ZA BARABARANI

Kwa watumishi wa Serikali na wananchi wote

Katika mji wa Shinyanga baiskeli zilizobeba abiria kwa nauli zilizoeleka kuitwa daladala. Mtu wa Visiwani au wa Dar es Salaam akilisikia neno hilo hufikiria gari la abiria. Basi ikitokea majeruhi wa Shinyanga amepelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, na barua yake ikaandikwa "ameumia katika ajali ya daladala", karani wa kumbukumbu anaweza, kwa nia njema kabisa, kumhesabu miongoni mwa abiria wa mabasi. Mgonjwa atatibiwa, lakini katika hesabu mpanda baiskeli mmoja atakuwa amepotea. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuonyesha jinsi hesabu hiyo inavyowekwa na kwa nini neno moja lina uzito.

1. Asili ya misimbo

Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, unaojulikana kwa kifupi ICD, ulianza mwaka 1893 kwa orodha ya sababu za vifo iliyotungwa na Jacques Bertillon wa Ufaransa. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliichukua kazi hiyo mwaka 1948. Toleo la 10 liliidhinishwa mwaka 1990 na kuanza kutumika katika nchi wanachama mwaka 1994. Toleo la 11 lilipitishwa Mei 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Misimbo iliyotajwa hapa ni ya Toleo la 10.

2. Majeruhi mmoja, misimbo miwili

Msimbo wa kwanza hueleza jeraha lenyewe: S06 ni jeraha ndani ya fuvu, S72 ni kuvunjika mfupa wa paja, na S82 ni kuvunjika mguu chini ya goti pamoja na kifundo. Msimbo wa pili hueleza kilichosababisha jeraha. Penye msimbo wa kwanza peke yake, hospitali itajua mapaja mangapi yamevunjika, isijue kama yalivunjwa na lori au kwa kuanguka mtini. Mgonjwa akifariki, sababu ya msingi ya kifo inayohesabiwa ni ajali yenyewe, wala si kuvunjika fuvu.

3. Makundi ya wapanda baiskeli

Wapanda baiskeli wamewekwa katika kundi V10 hadi V19, kwa kutazama walichogongana nacho:

(a) V10 – mtembea kwa miguu au mnyama, kama vile ng'ombe wavukao barabara;
(b) V11 – baiskeli nyingine;
(c) V12 – pikipiki au bajaji;
(d) V13 – gari dogo au pikapu;
(e) V14 – lori au basi;
(f) V15 – treni;
(g) V16 – chombo kingine kisicho na injini, mfano mkokoteni wa ng'ombe;
(h) V17 – kitu kisichosogea, kama vile mti au ukuta wa daraja;
(i) V18 – kuanguka bila kugongana na kitu, mfano katika shimo la barabara;
(j) V19 – ajali nyingine, au isiyoelezwa.

Tarakimu inayofuata nukta hueleza nafasi ya majeruhi na mahali. Kwa V10 hadi V18, katika ajali ya barabara ya umma, 4 ni mwendeshaji na 5 ni abiria. Hivyo mwendeshaji aliyegongwa na lori katika barabara ya Isaka kwenda Kahama ni V14.4, na abiria aliyekaa nyuma yake ni V14.5.

4. Mambo yanayohitaji uangalifu

Kwanza, mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa huku akitembea si mpanda baiskeli. Huyo ni mtembea kwa miguu, na kundi lake ni V01 hadi V09.

Pili, ajali moja huweza kuzaa misimbo mingi. Baiskeli na bodaboda zikigongana, mwendesha baiskeli ni V12.4, lakini dereva wa bodaboda yumo katika V21.

Tatu, mahali. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, mchimbaji mdogo akigongwa na gari akiwa juu ya baiskeli katika barabara kuu, ajali ni ya barabarani. Akigongwa ndani ya eneo la mgodi lisilo njia ya umma, si ajali ya barabarani, na tarakimu ya mwisho kwa mwendeshaji huwa 0. Mahali pasipotajwa, huchukuliwa kuwa ni barabara ya umma.

Nne, maneno "ajali ya gari" peke yake humlazimisha karani kutumia V89, kundi lisiloonyesha majeruhi alikuwa juu ya chombo gani.

Ieleweke pia kwamba msimbo si hukumu. Hausemi nani mwenye kosa. Hilo ni la Polisi na Mahakama.

5. Faida ya kazi hii

WHO ilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na takriban asilimia 6 yao walikuwa wapanda baiskeli. Mhandisi anayetaka fedha za njia ya pembeni kwa baiskeli huulizwa: wameumia wangapi, na wamegongwa na nini? Pakiwa na V14 nyingi, lawama ni ya kuchanganya malori na baiskeli katika njia moja. Pakiwa na V18 nyingi, barabara yenyewe yahitaji kutazamwa. Pakiwa na V89 tupu, hakuna awezaye kujibu, na njia hiyo haitajengwa.

6. Wito

Waganga na wauguzi wanaombwa kuandika mambo manne kwa maneno ya wazi: majeruhi alikuwa juu ya chombo gani, aliendesha au alipakiwa, aligongana na nini, na mahali gani. Karani haruhusiwi kubuni kisichoandikwa. Wananchi wanaomfikisha majeruhi hospitali nao wanaombwa kuyaeleza hayo hayo, hasa mgonjwa asipoweza kusema. Na mahali ambapo daladala ni baiskeli, iandikwe baiskeli.