Hatua za Kununua Nyumba kwa Malipo ya Muda Mrefu Bila ya Riba

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake.

Miongoni mwa maswali ambayo maimamu wetu huulizwa sana baada ya Swala ni hili la nyumba. Mtu ana mshahara na familia, na kodi anayotoa kila mwezi ingeweza kulipia nyumba yake mwenyewe kidogo kidogo, lakini hana fedha taslimu za kuinunua. Benki iko tayari kumkopesha. Je, achukue? Kumjibu kwamba ni haramu na kumwacha hapo ni jibu pungufu, kwani Sheria iliyofunga mlango wa riba ndiyo hiyo hiyo iliyouacha wazi mlango wa biashara. Makala hii inaeleza hatua za kupita katika mlango huo, kwa kuangalia zaidi hali ya Tanzania.

Kilichokatazwa ni kipi?

Katika mkopo wa nyumba wa kawaida, benki hainunui nyumba wala haiuzi. Inatoa fedha, inadai fedha zaidi, na nyumba inashikwa rehani. Kosa haliko kwenye rehani. Rehani imetajwa katika Surat al-Baqarah, aya ya 283, na Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alifariki hali ya kuwa deraya yake iko rehani kwa Yahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri. Wala kosa haliko kwenye kulipa kwa muda. Kosa ni ile ziada juu ya mkopo.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah, katika kikao chake cha sita cha Machi 1990, liliamua kuwa mikopo ya nyumba yenye riba ni haramu, riba iwe ndogo au kubwa, kisha likataja njia mbadala. Na katika Hadith ya Jabir aliyoipokea Muslim, laana imewajumuisha mlaji wa riba, mlipaji, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Kwa hiyo imamu anayeitwa kushuhudia mkataba naye linamhusu.

Hatua ya kwanza: Kupima uwezo

Deni ni amana nzito. Kabla ya kwenda benki, mtu aandike mapato yake ya halali, matumizi ya wanaomtegemea na madeni aliyonayo. Asihesabu posho isiyo na uhakika. Vile vile aweke akiba ya malipo ya mwanzo, kwani karibu kila benki huyataka, na kadiri yanavyokuwa makubwa ndivyo deni linavyopungua.

Hatua ya pili: Kuchagua mkataba

Mikataba inayotumika zaidi ni mitatu.

Murabaha. Benki inainunua nyumba, inaimiliki, kisha inamuuzia mteja kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana. Tuseme nyumba imenunuliwa kwa Sh. milioni 80 na mteja akauziwa kwa milioni 116. Akitanguliza milioni 20, hubaki milioni 96, ambazo kwa miezi 120 ni Sh. 800,000 kila mwezi. Bei hii haipandi tena. Wanazuoni walio wengi wa madhehebu manne wamejuzisha bei ya malipo ya baadaye kuwa kubwa kuliko ya taslimu, kwa sharti kwamba pande mbili zisiachane ila zimekubaliana bei moja.

Asili ya sura hii ni ya zamani. Imam Shafi'i katika Al-Umm amezungumzia mtu anayemwambia mwenzake anunue bidhaa fulani ili naye aje ainunue kwake kwa faida. Akaona ununuzi wa kwanza unajuzu, na yule aliyeagiza ana hiari ya kununua au kuacha. Mwaka 1976 Sami Hamoud, katika utafiti wake wa shahada ya udaktari mjini Cairo, aliifanya sura hiyo kuwa mfumo wa benki. Baraza la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, likakubali kwamba ahadi ya upande mmoja inaweza kumfunga mwenye kuitoa. Ama ahadi inayofunga pande zote mbili bila ya hiari, lililikataa, kwa kuwa inafanana na kuuza usichokimiliki.

Ijara inayoishia kwenye umiliki. Benki inanunua nyumba na kumpangisha mteja, kisha mwisho wa muda inamhamishia kwa mkataba mwingine wa hiba au mauzo. Baraza hilo, katika kikao cha Riyadh cha mwaka 2000, lilishurutisha kuwa upangishaji uwe wa kweli: mikataba miwili itengane, na dhamana ya nyumba iwe juu ya mwenye nyumba. Paa likibomoka bila ya uzembe wa mpangaji, benki ndiyo inayolijenga.

Ushirika unaopungua (musharaka mutanaqisa). Hapa mteja na benki wananunua kwa pamoja. Katika mfano wetu mteja ana milioni 20, sawa na robo, na benki milioni 60. Fungu la benki linagawanywa hisa 120 za Sh. 500,000, na mteja ananunua moja kila mwezi. Kwa kuwa anakaa katika nyumba yote, anailipa benki kodi ya sehemu yake. Kodi ya nyumba nzima ikiwa Sh. 600,000, mwezi wa kwanza atalipa kodi 450,000 pamoja na hisa 500,000, jumla 950,000. Kila hisa anayonunua inapunguza kodi kwa Sh. 3,750, hata ufikapo mwezi wa 61 kodi ni 225,000 tu. Hadi mwisho atakuwa ametoa kodi ya Sh. 27,225,000. Wengi wanauona mkataba huu kuwa karibu zaidi na uadilifu, kwa sababu hasara ya nyumba inawagusa wote wawili kwa kadiri ya mafungu yao.

Hatua ya tatu: Kuichunguza nyumba

Hapa ndipo watu wengi wanapoangamia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi ya Tanzania Bara ni ya umma, na anachomiliki mtu ni haki ya kuitumia, kwa hati ya muda usiozidi miaka 99. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililosajiliwa, miaka iliyobaki, na kama nyumba ina rehani nyingine. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa haitoshi kuwa hatimiliki.

Uliza pia mambo mawili ya kifiqhi. Je, ni nyumba ya mirathi? Basi warithi wote wajulikane, mafungu ya mayatima yahifadhiwe, na msimamizi awe amethibitishwa na mahakama. Je, ni wakfu? Nyumba za wakfu ziko nyingi katika miji ya pwani, na katika madhehebu ya Shafi'i wakfu hauuzwi. Zanzibar, ambako sheria zake za ardhi ni nyingine, ulizia kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Baada ya hapo mthamini aliyesajiliwa aikadirie thamani yake.

Hatua ya nne: Benki kununua kwanza

Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Basi kabla ya kusaini murabaha, mteja aombe kuona mkataba wa benki na muuzaji wa mwanzo. Aulize: nyumba ikiungua leo kabla sijaununua, hasara ni ya nani? Jibu likiwa "ni yako," hiyo ni riba iliyovishwa kanzu.

Kununua mara mbili kunaweza kuleta ushuru mara mbili. Waislamu wa Uingereza walilipata tatizo hilo hadi sheria ya fedha ya mwaka 2003 ilipoondoa ushuru wa pili. Hapa kwetu mtu amuulize mwanasheria na benki mapema.

Hatua ya tano: Kusaini na kuweka rehani

Aya ya 282 ya Surat al-Baqarah imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Usome mkataba wote, au usomewe kwa Kiswahili. Katika murabaha, benki haiwezi kubaki na umiliki baada ya kuuza, lakini inaweza kuichukua nyumba kuwa rehani hadi deni liishe. Sheria ya Tanzania inataka ridhaa ya mume au mke anayeishi humo kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Mume asiichukue saini ya mkewe kwa vitisho au kwa kumficha, maana nyumba ikipigwa mnada, mke na watoto ndio watakaotoka nje.

Hatua ya sita: Kulipa, kuchelewa na kufa

Mwenye uwezo kuchelewesha ni dhulma. Ama aliyefilisika, aya ya 280 imeamrisha apewe muda. Deni la murabaha haliongezwi kwa kuchelewa. Benki ikitoza faini, wanazuoni walioikubali wameshurutisha iende kwenye sadaka na isiingie katika mapato yake. Na mdaiwa aandike wasia unaotaja deni, kwani deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa.

Shubha ya dharura

Wapo wanaotegemea fatwa ya Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti ya mwaka 1999. Fatwa hiyo iliwahusu Waislamu walio wachache katika nchi za Magharibi, wasio na nyumba ya kutosha wala njia mbadala, na wanazuoni wengi waliipinga. Kuihamishia Dar es Salaam, ambako zipo benki zisizotoza riba, kama Amana iliyoanza mwaka 2011, na ambako nyumba ya kupanga inapatikana, si uadilifu. Kupanga si aibu, na kujenga chumba kimoja kimoja ni njia ambayo wazee wetu wengi walipitia.

Basi anayeulizwa asiishie kwenye jina la mkataba. Aulize nani amemiliki, nani anabeba hasara, na nini kitatokea malipo yakichelewa. Majibu ya hayo matatu ndiyo yatakayoonesha kama ni biashara au ni riba.

Wallahu a'lam.