Mizani ni ya Nani?

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuiona kompyuta katika ukurasa wa utamaduni. Watasema kwamba hapa ni mahali pa ngoma, mashairi, mavazi na mila, na kwamba mambo ya mitambo waachiwe mafundi na wafanyabiashara. Mimi naona sivyo. Chombo ambacho mtu hukitumia kuandikia, kuhesabia mali yake, kujumlishia kura yake na kutafutia matibabu kimekwisha kuwa sehemu ya utamaduni wake, apende asipende. Na kila chombo kina mwenyewe.

Nimeitumia kompyuta kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilizaliwa pwani, nikajua kalamu ya mwanzi na ubao wa chuoni kabla sijaishika penseli ya skuli. Siku hizi makazi yangu ni Theta, upande wa Juja, kati ya Ruiru na Thika, mahali ambapo mibuni na majumba ya ghorofa yanang'ang'ania ardhi. Huku bara ndiko nilikolipata neno la kuelezea yale ambayo kompyuta imenifunza kwa miaka yote hiyo. Neno hilo ni mizani.

DEBE NA KALAMU

Katika mashamba makubwa ya kahawa ya sehemu hizi, mchumaji hulipwa kwa debe. Yeye huchuma tangu alfajiri, hujitwisha mzigo wake, akaenda kupanga mstari mbele ya karani. Karani hutazama debe, akaamua kama limejaa au halijajaa, kisha akaandika. Bibi mmoja jirani yangu, aliyeifanya kazi hiyo tangu usichana wake, alinieleza mambo yote hayo kwa maneno machache. "Kijana yangu," aliniambia, "debe lilikuwa la tajiri na kalamu ilikuwa ya karani. Yetu ilikuwa mikono tu."

Msomaji mpenzi, sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya jinsi kompyuta inavyofanya kazi katika siasa na biashara. Watu hubishana kama mtambo huo ni mzuri au mbaya, kama vile mtu anavyoweza kubishana kuhusu uzuri wa debe. Debe halina dhambi. La kuuliza ni nani aliyelitengeneza, nani anayelishika, na je, mchumaji anaruhusiwa kulipima yeye mwenyewe? Sisi tuliosoma chuoni tunaijua sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo. Basi jambo la mizani si geni kwetu. Lililo geni ni kwamba mizani ya leo haionekani kwa macho.

MFUMO WA KUPANGA

Tuchukue mfano ulio karibu na kila mgonjwa wa nchi hii. Tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF iliondoka, na mahali pake ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Pamoja nayo ukaja mfumo wa kompyuta wa thamani ya shilingi bilioni 104.8. Mgonjwa anapofika hospitali, mfumo ndio unaomtambua, na mfumo ndio unaoamua kama atatibiwa kwa bima au atatoa pesa mfukoni.

Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bi. Nancy Gathungu, ilieleza kwamba mfumo huo haukupatikana kwa njia ya ushindani, na, jambo lililonishtua zaidi, kwamba serikali haiumiliki. Wakuu wa serikali walijitetea wakisema kwamba hawakununua mtambo, bali wanalipia huduma kadiri inavyotumika. Nami nakubali kwamba hayo ni maelezo. Lakini kwa Kiswahili cha kawaida mtu wa namna hiyo huitwa mpangaji. Taifa zima limepanga chumba, na katika chumba hicho ndimo zilimowekwa siri za ugonjwa wa kila mtu. Mwenye nyumba akibadili kitasa, mpangaji atalala wapi?

Tena ziko hatari za kuutia mlango mmoja watu wote. Julai 2023 wahalifu wa mitandao waliushambulia mtandao wa serikali wa eCitizen, na ghafla watu wakakwama: huyu hapati pasipoti, yule hapati viza, mwingine hapati tiketi ya treni. Zamani karani wa ofisi moja akiugua, ofisi nyingine ziliendelea. Leo karani ni mmoja, na akikohoa nchi nzima hushikwa na homa.

SAVA ILIYOFUNGWA, FOMU ZILIZOFUNGULIWA

Katika siasa tumekwisha kuiona mizani ya aina mbili, na tofauti yake ni somo kubwa.

Mwaka 2017 matokeo ya uchaguzi wa rais yalipitishwa katika mitambo ambayo wananchi hawakuweza kuiona. Siku chache kabla ya kura, Chris Msando, aliyekuwa meneja wa teknolojia wa tume ya uchaguzi, aliuawa. Baada ya kura, Mahakama ya Juu iliamuru tume ifungue sava zake zikaguliwe; tume haikuitimiza amri hiyo ipasavyo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ikaufuta uchaguzi. Tangu siku hiyo neno "sava" likaingia katika matatu na vibanda vya chai, nao watu ambao hawajapata kugusa kompyuta wakawa wanadai ifunguliwe. Wale waliocheka walikosea. Mama muuza mboga anayesema "fungua sava" anasema lile lile alilosema bibi wa kahawa: nionyeshe debe.

Mwaka 2022 tume ilifanya jambo jingine. Fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000, zile ziitwazo 34A, ziliwekwa kwenye intaneti, na kila mwenye simu akawa anaweza kuzitazama na kuzijumlisha. Watu waligombana vile vile, kesi ikaenda mahakamani, na tarehe 5 Septemba 2022 Mahakama ya Juu ikayathibitisha matokeo. Lakini safari hii kila mbishi alikuwa na karatasi mkononi. Kompyuta ni kompyuta, tume ni tume, nchi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kijana wa Theta angeweza kukaa kitandani kwake akalipima debe. Waama, uwazi hauwezi kumpendeza kila mtu, lakini humnyima mwongo mahali pa kujificha.

ZAWADI YENYE KUFULI

Upande huu wa Juja una historia ya matajiri wageni. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Mmarekani aitwaye William Northrup McMillan alikuwa na shamba kubwa mno hapa, na mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu katika urais wa Marekani. McMillan alipofariki mwaka 1925, mkewe alijenga maktaba nzuri mjini Nairobi kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa mwaka 1931. Ilijaa vitabu. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo hadi mwaka 1958.

Naikumbuka maktaba hiyo kila nisikiapo kwamba kampuni fulani ya ng'ambo imetuletea zawadi. Mwaka 2023 ilikuja Worldcoin, mradi ambao Sam Altman ni mmoja wa waanzilishi wake. Watu walipanga foleni Nairobi wakapigwa picha mboni za macho, na kila mmoja akapewa sarafu za kompyuta zenye thamani ya shilingi elfu saba hivi. Zaidi ya watu 350,000 walikuwa wamejiandikisha nchini mwetu serikali ilipousimamisha mradi huo Agosti 2023. Siwalaumu waliopanga foleni; elfu saba ni kodi ya chumba, na njaa haina mwalimu. Lakini pesa hutumika zikaisha, na jicho halibadilishwi kama laini ya simu. Ilichukua hadi Mei 2025 kwa Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu kuamuru kumbukumbu hizo zifutwe, baada ya Katiba Institute na wenzao kwenda mahakamani.

Wapo pia wale wanaotoa jasho lao moja kwa moja. Vijana wetu Nairobi waliajiriwa na kampuni ya Sama kuchuja machafu ya Facebook: mauaji, ubakaji, mateso ya watoto, siku nzima, siku zote. Wengine walifundisha akili bandia ya OpenAI kutambua maneno maovu, na Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani likaandika kwamba malipo yao yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefanya kazi ya kuchuja, alishtaki Mei 2022. Meta, wenye Facebook, walisema mahakama za Kenya haziwahusu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba wanaweza kushtakiwa hapa. Kumbe akili hiyo inayoitwa bandia ina mikono ya watu ndani yake, na baadhi ya mikono hiyo ni ya jirani zetu. Nayo ililipwa kwa debe la mtu mwingine.

MASHAIRI NDANI YA DISKI

Sasa niseme la kwangu. Katika miaka ya tisini niliandika mashairi mengi katika programu iliyokuwa maarufu wakati huo, nikayahifadhi katika diski. Wenye programu wakaiacha, wakaleta nyingine, na hiyo nyingine haizisomi faili za zamani. Diski ninazo, na mashairi yamo ndani, lakini ni kama maiti kaburini. Na Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate karibu miaka mia tatu iliyopita, tunausoma hadi leo, kwa sababu ulinakiliwa kwa wino na kwa hati za Kiarabu ambazo hazina mwenyewe. Ajuaye hati husoma, wala haombi ruhusa ya kampuni.

Mambo hayo yanaendelea. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inayoifuata haikubali kuingia rasmi katika mashine nyingi za zamani. Kwa tajiri wa Ulaya hiyo ni sababu ya kununua mpya. Kwa mwenye saiba wa Juja, ambaye mashine zake zilikuja zikiwa zimekwisha kutumika huko huko Ulaya, ni kama kuambiwa kwamba ng'ombe wake mzima amekufa kwa amri.

Dawa ipo, ingawa haitangazwi kwa mabango. Tangu mwaka 1991 upo mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds, ambao yeyote anaweza kuufungua, kuutazama, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia inayosema Kiswahili, bure kwa kila mtu. Hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa lugha yetu, lakini leo wanafunzi wengi hawajapata hata kulisikia jina lake. Sisi washairi tulishughulika kubishana kama chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Kubatiza mtoto ni kuzuri, ila kwanza mtoto awe wako.

SI UADUI

Hasha, sisemi turudi kwenye ubao wa chuoni. Tangu Machi 2007 M-Pesa imemwezesha kijana wa kibarua Ruiru kumtumia mamake pesa kijijini bila kumpa dereva wa basi bahasha na dua. Juni 2024, vijana waliutafsiri Mswada wa Fedha katika lugha za nyumbani, wakaueneza kwa simu na kwa akili bandia hiyo hiyo, hata wananchi wa kawaida wakajua kodi gani inawajia. Tarehe 25 Juni intaneti ilizorota nchini wakati wa maandamano. Siku ya pili yake Rais akatangaza kwamba hautii sahihi mswada huo. Chombo kile kile kiliwapa watu sauti, na siku ile ile kikatuonyesha kwamba koo la sauti hiyo limo mkononi mwa wengine.

Kwa hivyo, kila mfumo mpya unapoletwa, uwe wa kaunti, wa shule, wa ushirika wa kahawa au wa msikiti, wananchi na waulize maswali matatu kabla ya kupiga makofi. Nani anaumiliki? Nani anaweza kuukagua? Na tukitaka kuondoka, tutaondoka na vitu vyetu? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatupa haki ya kuuliza. Lakini haki isiyotumika huota kutu, nami naona afadhali tuulize kwa lugha ya bibi wa kahawa, maana hiyo kila mtu anaielewa:

Mizani iwe ya haki, ionekane na wote,
Karani asidhihaki, jasho la mtu yeyote,
Tajiri asimiliki, milango na kuta zote,
Mwenye jasho naulize, debe hili ni la nani?