Mlango Wazi, Mgonjwa Nyumbani

Tanzania haikuwafungia watu ndani. Mwishoni mwa Machi 2020 Uganda ilipiga marufuku magari binafsi, hata mjamzito mwenye uchungu akahitaji kibali cha mkuu wa wilaya ili apakiwe garini. Kenya iliweka kafyu ya usiku, na Dkt. Jemimah Kariuki wa Nairobi akaanzisha mpango wa Wheels for Life wa kuwasafirisha wajawazito bure. Bagamoyo, kwenye pwani ya Tanzania, daladala ziliendelea kupakia na hospitali ya wilaya haikufunga lango. Hata hivyo, wapo wagonjwa waliobaki nyumbani.

Hofu ilikuwa na chanzo. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Wiki chache baadaye Hospitali ya Amana, Dar es Salaam, ilitengwa kwa ajili ya ugonjwa huo na wagonjwa wengine wakaelekezwa kwingine. Kisha, kuanzia Mei, takwimu zikakoma kutolewa zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Mtu asiyejua ugonjwa umefika wapi hukisia, na mahali pa kwanza anapokisia upo ni hospitalini.

Sasa chukua mtoto wa Kaole, jirani na mji wa Bagamoyo, anayechemka homa usiku. Homa, maumivu ya kichwa na uchovu ni dalili za malaria, na ni dalili za korona pia. Mama akiogopa kwamba mwanawe atatengwa, atampa panadol na kusubiri kupambazuke. Malaria haina subira hiyo: ikiwa kali, inaweza kumuua mtoto ndani ya saa 24. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2020 malaria iliua watu 69,000 zaidi ya mwaka uliotangulia, na takriban theluthi mbili ya ongezeko hilo ilitokana na huduma kuvurugika. Na Bagamoyo ndio mji ambako Taasisi ya Afya Ifakara ilishiriki kuijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. WHO iliipendekeza Oktoba 2021, korona ikiwa bado inaua.

Kifua kikuu kilipata pigo la aina yake. Mwenye kukohoa wiki mbili ndiye hasa anayetakiwa kupimwa makohozi, lakini mwaka 2020 mwenye kukohoa ndiye aliyekwepwa kwenye daladala, naye akajifunza kukoholea chumbani. Duniani, wagonjwa wapya waliogunduliwa walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Wasiogunduliwa hawakupona, walibaki na familia zao, wakivuta hewa moja.

Kuna suala la fedha pia, ambalo huzungumzwa kidogo mno. Aprili 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa kwa zaidi ya mwezi, na watalii wakapotea Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Mchonga vinyago asiyeuza hana nauli ya kwenda Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mzazi wa mtoto mwenye seli mundu, ugonjwa ambao watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka, hukadiria kliniki ipi inaweza kurukwa.

Si kila mahali mambo yalilegea. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliokuwa imara waliweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, wasilazimike kupanga foleni kila mwezi. Utaratibu huo ulikuwapo kabla ya korona, na nadhani ndiyo sababu ulifanya kazi.

Wenye matende na mabusha, ambao ukanda huu wa Pwani unawafahamu vyema, hawakuwa na bahati hiyo. Aprili 2020 WHO ilishauri kampeni za kugawa dawa kwa umma zisitishwe kwa muda, ili kuepusha mikusanyiko. Ushauri ulikuwa na mantiki. Lakini dawa za matende humezwa mara moja kwa mwaka, miaka mfululizo, na mwaka ukirukwa minyoo inayoleta ugonjwa huo hupata nafasi ya kuzaa tena na mbu huwa na cha kubeba. Busha haliui mtu wiki hii, kwa hiyo kwenye foleni ya dharura hupangwa mwisho.